Kumi na Wanne Waliopanda Ukuta

Tarehe 9 Februari

Kwako mpwa wangu, fundi wa samaki,

Mimi nakusalimu na mama yako anakusalimu. Sote tunapumua, na asiye na nguvu za kufanya kazi anazo za kulalamika. Mama yako ameweka bati jipya jikoni, na tangu siku hiyo haongei na mtu ambaye hajalisifia hilo bati. Mimi goti la kulia limevimba kidogo, ila akikuandikia kwamba natembea kama bata usimsikilize. Natembea kama mtu mwenye heshima zake.

Simu uliyoninunulia iko kabatini. Ikiita naisikia kama mbu yuko nyumba ya pili, nikiiweka sikioni nasikia upepo. Tuandikiane tu. Dereva wa gari la bwawa anapita hapa kila wiki ya pili, akizidiwa na mambo yake wiki ya tatu, na bahasha hapotezi.

Sasa habari zenyewe. Wenzako walikuja na vile vidude vyako. Nilidhani vitakuwa na ukubwa wa redio, kumbe punje ya haragwe. Yule daktari wa samaki alinieleza kwamba kila kidude kinalia majini kwa mdundo wake, sauti ambayo mtu haisikii, na yale makopo meusi tuliyoyafunga, moja chini ya ukuta wa bwawa na moja juu yake, ndiyo masikio, yanaandika ni samaki gani kapita na saa ngapi. Nikamwambia basi mmempata mtu wenu, kiziwi kukabidhiwa masikio. Alicheka mpaka akaangusha sindano.

Tumewatia vidude samaki arobaini, wote Wekundu, wale wenye mapezi mekundu wanaopanda mto mafuriko yakija, kwenda kutaga kwenye changarawe za huko juu. Nikuambie ukweli na si kujisifu, thelathini na mmoja nimewavua mimi. Wale vijana wenye mabuti mapya walivua tisa, na mmoja katika hao tisa aliruka mwenyewe akaingia mtumbwini. Daktari anampasua samaki tumbo kidogo, anatia kidude, anashona nyuzi mbili, anamfunga uzi wa njano kwenye pezi la mgongo ili ajulikane, anamrudisha majini. Nilimshauri aongeze mshono wa tatu akakataa, shauri lake.

Kazi yangu nimeielewa. Kulinda masikio, kubadilisha betri, kutoa zile kadi na kukutumia. Kadi za kwanza zimo humu, nimezifunga kwenye plastiki ya sukari. Usiwe na wasiwasi na mto huu, mimi niliujua kabla haujawekewa ukuta, na kabla mama yako hajajua kuvaa viatu.

Ni mimi mjomba wako, mkuu wa masikio.


Tarehe 2 Machi

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika, na sukari kidogo ndani ya kadi, nimeitoa kwa brashi. Mwambie mama bati nimelisifia kutoka huku. Mimi ni mzima, ila macho yananiuma. Kutwa nzima nimeinamia taa na kioo cha kukuzia, naunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele. Kidude kimoja kinanichukua siku mbili, nikipiga chafya vibaya naanza upya.

Nimezisoma kadi. Sikio la chini limesikia samaki thelathini na wanane kati ya arobaini. Wamejaa pale chini ya ukuta wanazunguka tu. Sikio la juu halijasikia hata mmoja.

Mkuu wa karakana anasema labda kifaa changu ni kibovu, au sikio la juu halisikii. Kamati ya bwawa itakaa Juni na inataka idadi moja tu, ni samaki wangapi wamepanda ile ngazi ya zege waliyowajengea ubavuni mwa ukuta wakafika juu. Mkuu amesema wazi kwamba bila uhakika hatasimama mbele ya watu na kazi yangu. Miaka minne, Mjomba.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Humu nimeweka kidude cha majaribio. Kifunge kwenye kamba, kitumbukize karibu na sikio la juu kwa saa nzima, kisha nitumie kadi. Nikijua sikio linasikia, basi hata nisipopata samaki nina jibu mkononi. Tafadhali usisahau.

Pole na goti. Najua limevimba kuliko ulivyoandika.

Mpwa wako.


Tarehe 24 Machi

Mpwa wangu,

Wazima sisi. Mama yako aliteleza kwenye matope akaanguka akakaa, hakuvunjika kitu ila hasira. Amesema mvua za mwaka huu zina kusudi naye. Mto umejaa, maji rangi ya chai.

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu niliisoma nimesimama. Kwa hiyo huko mnasema sikio la juu halisikii. Lililofungwa na nani? Na mimi. Nimefunga mitego miaka hamsini, fundo langu halijawahi kufunguka ila kwa kisu. Halafu maneno yenyewe yamefika huku kabla ya barua yako, sijui dereva ana mdomo wa namna gani. Jumamosi nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, shingo iko mikononi mwake, ananipigia kelele sikioni ili wote wasikie: "Mzee, nasikia masikio ya mtoni yamefanana na mlinzi wao, yote viziwi!" Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Na mpwa wake je? Si ndiye aliyetwambia samaki watatuma salamu kutoka juu?" Nikanyanyuka na sabuni yangu shavuni nikaondoka. Mpaka leo upande mmoja una ndevu.

Kidude cha majaribio nimekipokea. Nimefanya ulivyosema.

Kadi hizi hapa. Nina hakika safari hii utaona kitu. Mwambie mkuu wako mimi nimesema hivyo, na nikisema kitu juu ya mto huu huwa.

Mjomba wako.


Tarehe 15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo sana, shikamoo mara mbili! Mama ajikande na maji ya moto, nimemtumia dawa ya kupaka kwa dereva.

Sikio la juu limesema! Samaki watatu kwenye kadi ya Machi, na hii uliyoituma juzi ina wanne zaidi. Saba, Mjomba. Nilipiga kelele mpaka mhasibu akatoka ofisini kwake akidhani nimeungua. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu, akahesabu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Kumbe kinafanya kazi." Huyo ni mtu ambaye hata harusini kwake sidhani kama alitabasamu, na alitabasamu. Nimeambiwa nitakaa naye mezani siku ya kamati.

Kidude cha majaribio tu sijakiona kwenye kadi. Labda hukukiacha muda wa kutosha. Si neno.

Nina swali dogo la kitaalamu. Samaki hawa wote wamesikika juu asubuhi, kati ya saa mbili na saa tatu. Hakuna wa mchana, hakuna wa jioni, na Jumapili hakuna kabisa. Wewe unayekaa pale, unaona nini saa hizo?

Nauliza tu. Na goti linaendeleaje?

Mpwa wako anayekupenda.


Tarehe 6 Mei

Mpwa wangu, bingwa,

Dawa imefika. Mama yako ameipaka, kisha amesema inanuka, kisha ameipaka tena. Anakuombea heri na anauliza kama mkuu wako bado ana mke.

Nilikwambia! Si nilikwambia? Nilikwenda kwa kinyozi siku ile ile nikamalizia ule upande wa pili, nikamwambia saba, nikahesabu kwa vidole mbele ya pua yake. Akanyamaza, na kumnyamazisha yule ni kazi kuliko kupandisha mto mlimani.

Swali lako ni rahisi kwangu. Samaki ni kama watu wa kazi, asubuhi wana nguvu. Wakichelewa jua linawachosha. Jumapili sijui, labda ni maji, maji ya Jumapili huwa mazito. Nyinyi mliosoma hamuwezi kujua mambo haya kwa mashine, yanataka mtu aliyekaa na mto.

Goti silisemi. Wiki mbili hizi limekuwa kama mkate uliochachuka, nimelala tu ndani, kwa hiyo kwenye kadi hii usitegemee samaki wengi. Lakini kuanzia Jumatatu nitakuwa sawa, na wao watakuwa sawa.

Mpaka Juni nakuahidi watafika kumi na wanne. Kaa mezani na mkuu wako, nyoosha mgongo.

Mjomba wako asiyeshindwa.


Tarehe 12 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua na mama anaendelea vizuri. Mimi mzima.

Samahani kwa kukaa kimya. Kamati imekaa juzi. Nilipeleka idadi uliyoahidi, kumi na wanne. Walinipigia makofi. Nimepewa chumba changu na mafundi wawili chini yangu, na mlango una kibao.

Kamati imeamua kwamba ngazi ya samaki inafaa. Kwa hiyo ile milango ya maji iliyo chini ya ukuta haitafunguliwa wakati wa mafuriko. Walikuwa tayari kuifungua wiki sita kila mwaka ili samaki wapite, karatasi ilishaandikwa, ilikuwa inangoja sahihi. Kama juu kusingesikika hata mmoja, ingetiwa sahihi siku hiyo hiyo. Sasa imechanwa. Hawatalizungumza tena.

Nilikuandikia Machi kwamba hata nisipopata samaki nina jibu. Labda sikuandika vizuri. Labda ningeandika kwa maneno mengine.

Nisalimie mama.


Tarehe 19 Juni

Mpwa,

Leo salamu utanisamehe. Dereva ananingoja nje, amezima gari kwa ajili yangu.

Hawakupanda. Ni mimi.

Nilikuwa nakwenda kila asubuhi pale chini ya ukuta, wapo wengi wamejazana, natafuta mwenye uzi wa njano, namvua, namtia kwenye ndoo yenye maji na kifuniko, napanda naye zile ngazi za chuma za mafundi wa bwawa, mia moja na kumi na mbili, naenda naye mpaka karibu na sikio, namwachia. Mmoja mmoja. Nikimtia majini alikuwa anakaa kidogo, kama mtu aliyeteremka kwenye basi hajui aelekee wapi, halafu anapiga mkia anakwenda. Kumi na wanne kwa mkono wangu. Jumapili nilipumzika.

Kidude chako cha majaribio hakijatoka kwenye bahasha. Kipo hapa, nimekiweka juu ya meza nakitazama. Niliona ni dharau, mtu kuja kulipima fundo langu. Laiti ningekitumbukiza.

Niliposoma barua ya Machi nilisoma kitu kimoja tu, kwamba wanasema kazi yako mbovu, miaka minne yako. Nikaona samaki ndio wanakuangusha. Nikasema hawataki kupanda, nitawapandisha. Sikujua kwamba ule utupu ndio ulikuwa unautafuta. Nani anatafuta utupu? Mimi maisha yangu yote wavu ukitoka mtupu naona aibu kupita njiani.

Mama yako sijamwambia. Mwenyekiti wa kamati anakuja huku tarehe mosi kukagua ukuta. Nitasimama nimwambie. Wewe usijiingize, kaa na kibao chako.

Mjomba wako.


Tarehe 5 Julai

Mpwa wangu,

Dereva amepita mara moja na hakuwa na kitu chako. Nadhani barua zimepishana. Au hujaandika. Mama yako hajambo, anakusalimu, ameshajua yote, na tangu ajue ananipikia chakula kizuri bila kunisema hata neno, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nilikwenda. Mkutano ulikuwa kwenye ghala la bwawa, viti vimepangwa, watu wote wapo, kinyozi yuko mbele. Nilivaa koti langu la sikukuu. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno nikasimama. Sikusikia vizuri waliyoyasema wote, mama yako alikaa karibu akanirudia sikioni.

Nikasema, "Mwenyekiti, wale samaki kumi na wanne hawakupanda. Niliwabeba mimi."

"Uliwabeba vipi, mzee?"

"Kwa ndoo. Ngazi mia moja na kumi na mbili. Mara kumi na nne."

Kukawa kimya, nikadhani imeingia. Kumbe walikuwa wanavuta pumzi. Waliangua kicheko, mwanangu, hata hicho mimi nilikisikia. Kinyozi akasimama akasema, "Mwenyekiti, usihangaike. Huyu alishatuambia alimvuta mamba mkia. Wiki iliyopita tu hapa nimemshika mkono kuteremka kizingiti changu, kizingiti kimoja!" Mwingine kule nyuma, "Kesho atasema na ukuta aliujenga yeye!" Hata walinzi walicheka. Mwenyekiti ni mtu mstaarabu, hakucheka, alisema, "Tunakushukuru mzee wetu kwa mapenzi yako na mto," akaandika kitu, akamwita mwingine.

Nikasema twendeni nje niwaonyeshe. Wakaja wote, kama watu wanaokwenda kutazama mpira. Nikachukua ndoo ya maji, nikaanza. Ya kumi, ya ishirini. Kwenye ya thelathini na moja goti likakataa. Nilililazimisha. Likakataa. Nikakaa pale juu na ndoo yangu, maji yananimwagikia kwenye viatu, mpaka walinzi wawili wakaja kunishusha, mmoja huku mmoja huku.

Sasa wote wana hakika kwamba nilisema uongo.

Nimewahi kuwaambia watu hawa mambo mengi ambayo hayakuwa, wakayameza na chai. Hili ndilo la kweli, na ndilo limewashinda. Yule mamba sikumvuta mkia. Nilimwona kwa mbali nikakimbia. Nakwambia wewe peke yako.

Niliandika usijiingize. Narudisha neno langu, na mimi neno langu huwa sirudishi. Wewe una zile saa kwenye mashine. Mwambie mwenyekiti mjomba wako hakudanganya.


Tarehe 28 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza ilikuwa juu ya meza yangu siku kumi nikiigeuza tu.

Nilijua. Nimeijua habari hii tangu samaki wa tatu. Alisikika chini, akanyamaza dakika kumi na tisa, akasikika juu. Mto ulikuwa umejaa, samaki hapandi zege lile kwa dakika kumi na tisa, na asingenyamaza ghafla hivyo, sikio la chini lingemsikia akianza kupanda. Nilikaa nikaitazama ile namba na nikaona kiatu chako kwenye ngazi, nakuapia. Halafu ukaandika kwamba goti linauma na samaki watapungua, na kweli wakapungua.

Sikukuuliza waziwazi kwa sababu ungenijibu. Kulikuwa na makofi, Mjomba. Kulikuwa na mkuu aliyekuwa hanisalimii, akaanza kunivutia kiti. Niliipelekea kamati jumla, kumi na wanne. Saa sikuzipeleka. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema. Wewe hukujua ulichokifanya. Mimi nilijua.

Nilikuwa chumbani kwangu nasoma ulivyokaa kwenye ngazi ya thelathini na moja, na kibao cha jina langu kiko mlangoni. Nilikwenda kwa mwenyekiti siku iliyofuata. Nilimwekea mezani saa zote, siku zote, na barua yako ya Mei yenye lile goti. Alisoma taratibu. Akaniuliza, "Na wewe uliyajua haya siku ile?" Nikasema ndiyo.

Hakucheka mtu, Mjomba. Naomba ulijue hilo.

Uamuzi umefutwa, lakini milango haifunguliwi. Wanasema sasa hakuna cha kuamini, si ndiyo wala si hapana. Watarudia msimu ujao, samaki wengine arobaini, vidude vyangu vile vile kwa sababu havina kosa. Safari hii watayapima masikio kwanza. Fundi mwingine ndiye atakayekuja. Mimi nimehamishwa stoo, nahesabu betri na misumari. Kibao wamekiondoa na kuacha matundu manne ya skrubu. Wewe pia umeondolewa kwenye ulinzi, funguo za masikio utampa dereva. Niliomba wakuache, hawakukubali.

Kama msimu ujao sikio la juu halitasikia samaki, milango itafunguliwa mwaka unaofuata. Mwenyekiti ameniandikia na kutia sahihi. Kwa hiyo ninalokuomba ni gumu. Usimguse samaki hata mmoja. Hata aliyekwama, hata anayekufa. Mmoja tu akifika juu kwa mkono wa mtu, watafunga faili, na safari hii hawatalifungua.

Najua nakuomba nini.

Nisalimie mama, mwambie nitakuja akinitaka.


Tarehe 21 Aprili, mwaka mwingine

Mwanangu,

Mama yako anakutaka, na hasemi. Nasema mimi. Stoo wanaweza kuhesabu misumari bila wewe kwa wiki moja. Macho nadhani yamepona sasa, maana betri hazihitaji kioo.

Mafuriko yalikuja mapema. Fundi mpya alikuja na daktari yule yule, wakawatia vidude arobaini. Sikuvua hata mmoja, nilikaa ukingoni na mikono mfukoni. Walihangaika siku sita kwa kazi ya siku mbili, na nilikuwa naona wanapotupa wavu kwamba siyo pale, sogeeni kushoto, nikafunga mdomo. Daktari alinijia akanipa mkono. Safari hii ameshona nyuzi tatu.

Nimekwenda kila asubuhi. Nilidhani nisipokwenda itakuwa rahisi, nikakaa nyumbani siku mbili, haikuwa rahisi. Kinyozi naye alikuja siku moja akasimama karibu nami. Zamani tulikuwa hatuendi kutazama, tunaenda kuvua, hatukujua wanavyofanya. Wanakuja wamejaa, wanaligonga zege, maji yanawarudisha, wanakuja tena. Ile ngazi yao wanaipita mdomoni kama haipo. Pua zinachubuka mpaka zinakuwa nyeupe. Kinyozi alitazama nami mpaka tunaondoka, halafu akaniuliza taratibu, nikamsoma mdomo, "Kwa hiyo kweli uliwabeba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wote kumi na wanne?" Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono pale penye mawe.

Jana walikuwa wamepungua. Wengine wamechukuliwa na maji, wengine wamelala ubavu kwenye kingo, na nzi juu yao. Kulikuwa na jike mmoja mkubwa mwenye uzi wa njano, amejiegemeza kwenye pembe ya ukuta penye maji yaliyotulia, hana tena nguvu ya kurudi nyuma wala kwenda mbele, na mayai yanamtoka, yanatelemka juu ya zege, yanakwenda na povu. Niliingia majini mpaka kwenye magoti. Hakukimbia. Alikuwa karibu hivi, ningemchukua kwa mikono miwili bila wavu. Aligeuza jicho. Samaki hatazami mtu, najua, nimevua miaka hamsini. Nilisimama naye mpaka jua likawa kali na yeye akaacha kutikisa mapezi.

Mchana fundi mpya alitoa kadi ya juu, akaitia kwenye kimashine chake pale pale kwenye jiwe. Hakuniambia kitu, haruhusiwi, ila alimwambia mwenzake nami nikamtazama midomo. Amesema sifuri.

Ni sifuri ya kweli, mwanangu. Hakuna mkono wangu ndani yake. Sikumgusa hata mmoja.

Njoo umwone mama yako.

Mjomba wako.